Sahani ya Bi Maimuna na Ukuta wa Serikali

Nyinyi vijana wa saruji mnanichekesha. Mnachanganya asubuhi, mnapiga lipu mchana, na jua halijazama mmeshakaa kahawani mnaitana fundi, fundi. Sisi chokaa peke yake ilitula wiki nyingi kabla haijagusa jiwe. Sisemi kazi yenu ni mbaya. Saruji ina raha zake, na mgongo wangu huu ungefurahi kama ingetufikia mapema zaidi. Lakini mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika uashi, nami siwezi kuanza na mwiko wala timazi. Naanza na nyumba moja ya mtaa wetu wa pwani, hapa Kisimayu, ile ya mwisho kabla ya kufika mchangani. Ukuta wake wa mbele ni mnene kuliko wa jirani zake wote, na mbele yake zimechimbiwa boriti za mkoko, mstari mzima. Mnapita hapo kila siku kwenda kununua samaki, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Maimuna, mjane wa fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Chovae. Nitamfikia. Kwanza nimtaje aliyenifundisha kazi, maana bila yeye hamtaelewa sahani niliyoiandika hapo juu ina maana gani.

Fundi Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi, na hasira zake zilikuwa fupi vilevile: zinawaka, zinazima, anakuuliza kama umekula. Mawe yetu yalikuja kwa mashua kutoka Ngumi na visiwa vya jirani. Mengine tulijengea, mengine tuliyapanga juu ya magogo na kuyachoma mpaka yakawa chokaa. Kisha kulikuwa na kuizima, yaani kuimwagia maji shimoni na kuiacha ipoe yenyewe. Hapo ndipo wengi waliposhindwa, kwa sababu ya haraka. Donge ambalo halijazimika vizuri likiingia kwenye lipu hukaa kimya, unalipwa, unakwenda zako, halafu siku moja linanywa unyevu, linavimba na kurusha kipande cha lipu chumbani. Mwenye nyumba anadhani ana majini.

Jambo hilo lilimpata Fundi Athumani mwenyewe, na msidhani lilikuwa siri. Alikuwa amepiga lipu dari ya mfanyabiashara mmoja wa nguo, na dari ile ikaanza kumrushia mwenyewe vipande kwenye wali. Yule bwana hakulalamika, alihamisha tu mkeka wake kutoka kona moja kwenda nyingine. Lakini habari zilifika kahawani, watu wakacheka, na Fundi Athumani akazisikia. Aliweka kikombe chini, akachukua mwiko wake, akaniambia nibebe karai.

Tulipofika, mfanyabiashara hakusema neno juu ya dari. Alitandika mkeka, akaleta wali na samaki, wakakaa wawili chini ya dari ileile. Kipande kikadondoka katikati ya sahani. Wote wawili walikitazama. Fundi Athumani akakitoa kwa kidole, akakiweka pembeni, akaendelea kula. Baadaye alibandua lipu yote ya chumba kile na kuipiga upya.

Njiani nilimuuliza kwa nini mtu amlishe aliyemharibia nyumba.

"Hii twaliichukua kwa mafundi wa mashua," akaniambia kwa lafudhi yake ya visiwani, ambako maji ni mai na mtu ni mchu. "Mashua ikiingiza mai, aliyeiunda hurudi na kalafati yake ya kuzibia nyufa bila ya kuitwa. Mwenyewe humlisha kwanza. Akila, amesema kazi ni yake, na lawama zimekwisha. Asiyekubali kuwa ni yake, hali."

"Na akishaziba?"

"Mwenyewe husema imekwisha. Ahsante hasemi. Ahsante ni ya mchu aliyekupa kichu chake. Huyu akupa chako."

Niliona ni mambo ya wazee wa visiwani. Nilikuwa kijana, na kijana huona kila desturi ni ya wazee mpaka imfae.

Sasa, ukuta. Ilikuwa miaka ile Mtaliana aliporudi mara ya pili, na safari hii tuliambiwa amekuja kutulea tu mpaka tupate bendera yetu. Serikali yake ikaamua kujenga ukuta wa bahari mbele ya mtaa wa pwani. Sitaki kuusema vibaya ukuta ule. Ulikuwa mzuri. Fundi Athumani alisimamia waashi, nami nilikuwa mmoja wao, na juu yetu alikuwepo mpimaji wa serikali tuliyemwita jometra, Mtaliana kijana, mwembamba, aliyekuwa akishika kofia yake kila upepo ulipovuma kana kwamba imeazimwa. Alikuwa mtu wa kazi kwelikweli. Jiwe likikaa vibaya hakupiga kelele. Alilishika mwenyewe, akalirudisha nje. Mimi nilimtafsiria. Kitaliano nilikuwa nimekiokota kazini, nusu yake ikiwa matusi ya wasimamizi, kwa hiyo ilinibidi nichague maneno nikiwa mbele ya watu wazima.

Kabla ya ukuta, kila nyumba ya mtaa ule ilijikinga yenyewe. Watu walichimbia boriti za mkoko, mistari miwili au mitatu, wakajaza mawe katikati. Si vitu vya kupendeza, lakini bamvua la kusi, yaani maji makuu ya msimu wa upepo wa kusini, lilipopanda, wimbi lilivunjikia huko, maji yakapita katikati ya boriti yakiwa yamechoka, yakalowesha kizingiti, kisha yakarudi yalikotoka. Ukuta ulipokamilika, bwana mkubwa wa wilaya aliita baraza pale ufukweni. Akasema boriti zote zing'olewe. Ni uchafu, zinafuga panya, na ukuta mpya unataka nafasi mbele yake na nyuma yake.

Bi Maimuna akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Watu walinyamaza ili wamsikie, na nadhani alikuwa akijua.

"Muulize," akaniambia. "Boriti hizi alizichimbia mume wangu. Nikizing'oa, na ukuta ukaanguka, nimtafute nani?"

Nikatafsiri. Bwana mkubwa akatabasamu, maana ukuta ulikuwa nyuma yake, mweupe, haujapata hata ufa.

"Mwambie ukuta ni wa serikali, na nyumba zilizo nyuma yake ziko mikononi mwa serikali."

Nikamwambia. Bi Maimuna akarudia maneno hayo polepole, mbele ya watu wote, neno kwa neno, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akaenda nyumbani kung'oa boriti zake.

Ukuta ulisimama misimu kadhaa. Halafu ikaja kusi kali, na siku ya bamvua kubwa, asubuhi watu wakinywa chai, kipande cha katikati kikalala. Bahari ilikuwa imekula mchanga chini ya msingi, taratibu, bila kumwambia mtu. Kilichofuata ndicho kibaya zaidi. Maji yaliingia kwa kishindo, na kutoka hayakuweza, kwa kuwa pande zote mbili za ukuta zilizobaki zimesimama ziliyashika kama beseni. Kila wimbi lilileta mengine juu yake. Namshukuru Mungu hakufa mtu, watu walikuwa macho. Lakini nyumba zilizo mbele zilipoteza kuta za mbele, zote, na ya Bi Maimuna ilibaki kama kabati lisilo mlango. Ukisimama ufukweni ulikiona kitanda chake, mtungi wake na picha ya Makka ukutani.

Niliona kazi ya mikono yangu imelala kwenye tope, na nilitamani ardhi inimeze.

Serikali haikuchelewa kuja, hilo nitalisema. Ikaleta unga, mablanketi na maneno ya huruma. Bwana mkubwa akasema bahari ni kazi ya Mungu, hakuna serikali duniani inayoweza kuishtaki bahari, lakini serikali ina moyo na inawapa msaada huu. Tena, akasema, kwa usalama wao, wenye nyumba zilizovunjika watapewa viwanja nyuma ya mji, mbali na maji.

Mnaelewa hilo lilikuwa na maana gani? Hawa ni watu wa nyavu na mashua. Wanawake wa mtaa ule walisafisha samaki mlangoni, waume zao wakalalia kelele za mawimbi wakijua hali ya chombo chao bila kuinuka. Kuwapeleka nyuma ya mji ni kuwaambia waache walivyo. Hata hivyo walipanga foleni wakachukua unga, kwa kuwa watoto wana njaa na unga ni unga. Siwalaumu.

Bi Maimuna hakupanga foleni. Alitungika tanga kuukuu la marehemu mumewe pale palipokuwa na ukuta, akakaa nyuma yake na wajukuu zake. Msimamizi wa ugawaji alipomletea mfuko mlangoni, yaani pale palipokuwa mlango, alimwambia aurudishe.

"Sadaka ni ya fakiri. Mimi si fakiri. Mimi nna nyumba, imevunjika."

Jirani zake walikasirika. Walimwambia atawaponza, serikali ikinuna wote watakosa. Mmoja akamwambia, "Hii ni kudura, Bi Maimuna. Mai ni ya Mungu."

"Ni ya Mungu, sikatai," akajibu. "Na boriti zangu nazo zaling'olewa na Mungu?"

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na timazi mkononi, na moyo wangu ulijaa. Nimefanya kazi na watu wenye nguvu, waliobeba mawe ambayo leo mngeyaitia gari. Sijaona mwenye nguvu kama mwanamke yule nyuma ya tanga lake. Alijua kwamba mfuko mmoja ukipokelewa kama sadaka, basi ukuta umesamehewa, na atakayeondoka pwani ni yeye.

Siku ya tatu au ya nne jometra akaja kupima ukuta ulioanguka, nasi waashi tukamfuata. Tulipofika mbele ya nyumba ya Bi Maimuna tuliona tanga limefungwa juu, mkeka umetandikwa, na katikati sahani kubwa ya wali, samaki wa kupaka, na birika la kunawia mikono. Nyumba haina ukuta wa mbele, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa ukiona. Nadhani alitaka iwe hivyo.

"Mkaribishe jometra ale," akaniambia.

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"La. Mweleze kwanza sahani hii ni ya nini. Mweleze yote. Sitaki ale kama mgeni, halafu nimwambie baadaye. Huo ni mtego, na mimi sitegi wachu."

Basi nikamweleza. Nilimweleza habari za mashua, za fundi anayerudi na kalafati, za kula na kutokula. Nikamwambia akitaka kuondoka hakuna atakayemtukana, ataonekana mgeni asiye na njaa. Jometra alisikiliza huku ameshika kofia. Akautazama ukuta ulioanguka. Akanitazama mimi, kisha mwanamke.

"Muulize," akasema, "nikila, halafu wakubwa wangu wakakataa?"

Bi Maimuna hakufikiri sana.

"Atakuwa fundi mwenye wakubwa wabaya. Lakini fundi atakuwa."

Nilipotafsiri hivyo, Mtaliana yule alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa mahali asipotarajia. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akapanda kwenye mkeka na soksi zake zenye tundu. Akanyoosha mikono anawishwe.

Kabla hajatia tonge mdomoni, nyuma yangu nikasikia ndara zikivuliwa. Ni Fundi Athumani.

"Nami niliujenga," akasema, akakaa.

Niseme kweli, niliogopa. Nilikuwa na mke na mshahara wa serikali, na bwana mkubwa alikuwa na masikio kila mahali. Lakini mawe yale niliyapanga mimi, na fundi wangu ameshakaa. Nikakaa. Wakaja na waashi wengine, mmoja mmoja, tukabanana kwenye mkeka ule mpaka magoti yakawa ndani ya sahani. Jometra alihangaika na miba ya samaki, akaonyeshwa namna ya kuitoa. Hakuna aliyetaja ukuta. Hata mmoja wa jirani waliokuwa wakilalamika akaleta pilipili kutoka kwake.

Bwana mkubwa alikasirika, kama mnavyoweza kukisia. Akaita baraza tena. Alisema, na mimi nikatafsiri, kwamba serikali haiendeshwi kwa desturi za mashua, na kwamba mpimaji hana ruhusa ya kuahidi kitu kwa kula samaki. Jometra akasimama akasema hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba ukuta ulikuwa wake na umeanguka, na kwamba mchoro wa ukuta mpya ameuanza, ndani yake kuna kuta za mbele za nyumba zote zilizovunjika, pahali pake palepale.

Ndipo Bi Maimuna akasimama, sauti ileile ya chini.

"Muulize kama akumbuka aliniambia nini hapa, siku ya kung'oa boriti."

Bwana mkubwa akanigeukia mimi. Akaniuliza, kwa Kitaliano, aliwahi kusema nini. Alijua anauliza nini, nami nilijua ananipa mlango wa kutokea. Ningesema sikumbuki, mambo yakaisha. Nikayasema maneno yale, kwa Kitaliano kisha kwa Kiswahili, ili wote wasikie: ukuta ni wa serikali, na nyumba zilizo nyuma yake ziko mikononi mwa serikali.

Bwana mkubwa aligeuka kuutazama ukuta ulioanguka. Alikuwa mtu mwenye kiburi, sikumpenda. Lakini siku ile nilimheshimu, na heshima hiyo sijaifuta mpaka leo. Angeweza kusema mkalimani alikosea. Nani angemkatalia? Akasema, "Ndiyo. Nilisema hivyo." Akaagiza mawe, chokaa na waashi, kwa gharama ya serikali, nyumba zijengwe zilipokuwa. Habari za viwanja nyuma ya mji hazikutajwa tena.

Kazi ile ndiyo bora niliyowahi kufanya. Msingi tuliuchimba mpaka tukakuta mwamba. Katika ukuta wa bahari tuliacha matundu ya kutolea maji, na jometra alikuwa akiyamwagia ndoo kuona kama yanapita, akifurahi kama mtoto. Chokaa tuliizima bila haraka, Fundi Athumani akikaa kando ya shimo kama mtu anayelinda mgonjwa. Bi Maimuna aliomba boriti zake zirudi. Zikarudi, na hakuna aliyezungumza habari za panya.

Siku ya kukabidhi, bwana mkubwa alikuja na nguo zake nyeupe. Jirani wote walimshukuru, wakapiga vigelegele. Akafika kwa Bi Maimuna, akasimama kizingitini akingoja. Mwanamke akapapasa ukuta wake mpya, juu, chini, pembeni.

"Imekwisha," akasema.

Watu walinong'ona. Mimi mwenyewe niliona aibu. Bwana mkubwa akaniuliza amesema nini, nikamwambia anasema hamdaiani tena. Akatikisa kichwa, akaondoka, nami sikujua kama amechukia au vipi.

Jioni nilimfuata Bi Maimuna. Nikamwambia, mama, ahsante moja ingekupunguzia nini?

"Leo nikimshukuru kwa ukuta wangu," akasema, "mwakani ukibomoka itanibidi nimuombe."

Sikumwelewa vizuri, au nilimwelewa nikadhani ni ukaidi wa uzee. Ikaja kusi nyingine. Bamvua likang'oa mawe machache kwenye pembe ya ukuta wa bahari, karibu na nyumba yake. Hapakuwa na hasara, maji yalitoka kupitia matundu. Hakuna aliyetumwa ofisini, hakuna aliyelalamika. Mimi nilisikia nikiwa kazini kwingine, nikaenda baada ya adhuhuri kuangalia.

Nikamkuta jometra mlangoni kwa Bi Maimuna, mwiko kiunoni, viatu ameshavivua, amevishika mkononi. Alikuwa akimuuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, leo kumepikwa nini.

Bi Maimuna aliingia ndani kuchukua mkeka.